Milango Minne ya Chuo Kikuu



Mazungumzo ya leo yahusu jambo linalozungumzwa katika nyumba nyingi kila mwaka, matokeo ya mitihani yatokapo. Mtoto amefaulu, na jamaa wote wamefurahi. Ng'ombe mmoja au wawili wameuzwa, au kahawa ya mwaka mzima imewekwa akiba kwa ajili ya safari yake. Ndipo swali hutokea: aende akasome nini? Baba asema, “Sheria, ili atutetee katika kesi ya shamba.” Mjomba asema, “Biashara, ndiko kwenye fedha.” Mwalimu wake asema, “Sayansi, kwa kuwa hesabu zake ni nzuri.” Naye mtoto mwenyewe, akiulizwa kwa upole, pengine atasema kwamba apendalo ni kusoma na kuandika, yaani fasihi.

Mara nyingi wote wanne hawajui hasa mwanafunzi wa elimu hizo hufanya nini kutwa. Wao hujua jina tu, na mshahara wa kubahatisha. Basi si ajabu wengi wakachagua kama mtu anunuaye nguo gizani. Leo tutafungua milango minne ya chuo kikuu, mmoja mmoja, tuchungulie ndani.

Kwanza tujue vyuo vyenyewe vilitoka wapi

Hapana mtu adhaniye kwamba chuo kikuu huzaliwa kikiwa kikubwa. Makerere, huko Kampala, ilianza mwaka wa 1922 kuwa shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Wanawake wa kwanza walipokelewa mwaka wa 1945. Mwaka wa 1949 ikawa chuo kishirika cha Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, nacho kilikuwa na mlango mmoja tu, yaani sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kilihamia mlimani mwaka wa 1964.

Tangu 1963 hata 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kwa kuwa fedha na walimu walikuwa wachache, kazi ziligawanywa. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Mwaka wa 1970 kila chuo kikasimama peke yake. Siku hizi viko vyuo vingi, na mtoto aweza kukuta milango yote minne katika uwanja mmoja. Hiyo ni neema, lakini imeongeza ugumu wa kuchagua.

Mlango wa biashara

Watu wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa biashara hufundishwa namna ya kutajirika. Sivyo. Jambo la kwanza afundishwalo ni kuandika hesabu kwa ukweli. Wahenga walikwisha kusema, “Mali bila daftari huisha bila habari,” na chuo kikuu huianza elimu hiyo pale pale walipoishia wahenga.

Hesabu ya biashara huandikwa mara mbili kwa kila jambo. Mwenye duka akinunua sukari kwa shilingi 100,000, huandika upande mmoja kwamba sukari imeingia, na upande wa pili kwamba fedha imetoka. Mwisho wa mwezi pande mbili hizi hujumlishwa, na ni lazima zilingane. Zisipolingana, kuna kosa au kuna mkono wa mtu. Wafanya biashara wa Venice walikuwa wakiitumia njia hii zamani, na mwaka wa 1494 mtawa mmoja Mwitalia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa. Tangu siku hiyo ulimwengu wote umejifunza kwayo.

Baada ya hesabu, mwanafunzi hujifunza gharama, bei, mikopo na faida yake, uongozi wa watu, na jinsi soko linavyopanda na kushuka. Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya mjini peke yake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka wa 1925, na mwaka wa 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Chama cha namna hiyo hakiwezi kuishi bila watu wajuao kuandika na kukagua hesabu. Kwa sababu hiyo Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka wa 1963, nacho leo ni chuo kikuu. Ushirika usio na mkaguzi mwaminifu hufa, na wa kwanza kulia ni mkulima aliyepima kahawa yake asilipwe.

Yapasa mjue pia kwamba shahada ya biashara peke yake haimfanyi mtu kuwa mhasibu kamili. Katika Tanzania iko Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yenye mitihani yake, na wengi huifanya baada ya kutoka chuoni. Wazazi wasishangae basi mtoto akisema bado anasoma.

Mlango wa sheria

Hapa ndipo panapopotoka fikra za wengi. Hudhani mwanafunzi wa sheria hukariri sheria zote za nchi kama mtu ahifadhivyo maombi. Kweli hujifunza sheria nyingi, lakini kazi yake kubwa ni kuulizwa swali hili: mambo yalikuwaje, kanuni yasemaje, na kanuni hiyo yaingiaje katika mambo haya?

Nitawapa mfano mmoja, ambao karibu kila mwanafunzi wa sheria katika Afrika Mashariki huusoma. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja jina lake May Donoghue alikuwa mkahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia kinywaji cha tangawizi, katika chupa nyeusi isiyoonyesha ndani. Alikunywa, na kilichobaki kilipomiminwa, alisema, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua, naye akamshtaki mtengenezaji.

Sasa fikirini, ugumu uko wapi? Ugumu ni kwamba Donoghue hakununua kinywaji, aliyenunua ni rafiki. Wala rafiki hakupatana na mtengenezaji, alipatana na mwenye mkahawa. Hapakuwa na mapatano yo yote kati ya mgonjwa na mtengenezaji. Je, mtengenezaji ana wajibu kwa mtu asiyemjua? Kesi ilifika katika Baraza la Malodi huko London, lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Mwaka wa 1932 majaji 3 kati ya 5 waliamua kwamba ndiyo, atengenezaye kitu kwa matumizi ya watu, akakifunga hata kisiweze kukaguliwa njiani, yampasa kuwatunza watakaokitumia. Na jambo la ajabu ni kwamba habari ya konokono haikuthibitishwa mahakamani hata mwisho. Malodi waliulizwa swali la sheria tu: ikiwa mambo yalikuwa kama alivyosema, je, ana haki ya kudai?

Twaisoma hukumu hiyo mbali na Scotland kwa sababu Kenya, Uganda na Tanganyika zilipokea misingi ya sheria ya Kiingereza wakati wa utawala wa Waingereza, na misingi hiyo haikuondoka na bendera. Mtu akinunuliwa soda leo sokoni Tabora au Kisumu, akakuta uchafu chupani, wakili wake atatembea katika njia iliyofunguliwa na chupa ile ya Paisley.

Shahada ya sheria huchukua miaka 3 au 4, kwa kadiri ya chuo. Lakini shahada haimpi mtu ruhusa ya kusimama mahakamani. Katika Tanzania hupita tena katika Shule ya Sheria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2007. Kenya ina shule yake tangu 1963, na Uganda ina kituo chake tangu 1970. Na mzee aliyemsomesha mtoto sheria ili ashinde kesi ya shamba na ajue hivi: wakili mwema pengine atakuwa mtu wa kwanza kumwambia baba yake kwamba shamba lile si lake.

Mlango wa sayansi

Sayansi ni elimu ya kuuliza maumbile na kungoja jibu. Katika elimu hii haitoshi kusema “nimeambiwa” wala “yajulikana”. Lazima mtu apime, aandike, apime tena, na mwingine apime kwa upande wake.

Hapana mfano unaotufaa zaidi ya ule wa Erasto Mpemba wa Tanganyika. Mwaka wa 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, kisha huyatia katika friji. Siku moja Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, aliyatia yake yangali moto. Baadaye aliona kwamba yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali. Alipokuwa Iringa, katika shule ya Mkwawa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba akamwuliza mbele ya wanafunzi wote, na wenzake wakacheka. Dakta Osborne hakucheka, wala hakumwambia kwamba amesema kweli. Alirudi Dar es Salaam akaamuru jambo lijaribiwe. Mwaka wa 1969 wawili hao waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la kisayansi, na tangu hapo jina la Mpemba hutajwa na wataalamu wa fizikia duniani kote. Hata leo wataalamu wanabishana: wengine wamejaribu wakaona, wengine wamejaribu wasione, na sababu zimetolewa nyingi.

Msidhani kwamba ubishi huo ni aibu ya sayansi. Ndiyo kazi yake. Mwanafunzi wa mlango huu atakaa saa nyingi katika maabara, na majaribio yake mengi hayatafaulu. Asiyeweza kuvumilia kushindwa mara tisa ili apate jibu mara ya kumi, hata akiwa na akili nyingi, atachoka upesi. Tena hapa mlango hufungwa mapema kuliko mahali pengine. Aliyeacha hesabu, fizikia na kemia katika sekondari hawezi kwa kawaida kurudi alipofika chuoni. Wazazi wa wasichana hasa na waangalie: binti aambiwaye akiwa na miaka 14 kwamba hesabu si za wasichana amefungiwa mlango kabla ya kujua kwamba upo.

Mlango wa fasihi

Huu ndio mlango unaodharauliwa. Watu huuliza, “Je, kusoma hadithi ni kazi?” Tuwajibu kwa taratibu.

Mwanafunzi wa fasihi hasomi kama asomavyo mtu anayengoja usingizi. Husoma mara ya pili na ya tatu, akiuliza: nani asema hapa, naye asema kwa nani? Kwa nini neno hili, wala si jingine? Mtungaji ametaka niamini nini, na ametumia hila gani? Elimu hii humfundisha mtu kupima maneno, na ulimwengu huu waendeshwa kwa maneno: hotuba, matangazo ya biashara, mikataba, na habari zinazotufikia kwa simu zetu kila saa. Aliyezoea kuona hila ya mtungaji katika shairi hadanganywi upesi na tangazo la dawa ya kila ugonjwa.

Zamani vyuo vyetu vilifundisha vitabu vya Kiingereza karibu peke yake. Mwaka wa 1968, huko Nairobi, walimu watatu, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika kutaka idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, pamoja na ngano na nyimbo za wazee wetu, ndipo itazame nje. Tangu hapo mafundisho yamebadilika sana. Katika Dar es Salaam fasihi ya Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili chenyewe, na mwanafunzi aweza kusoma Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka wa 1728. Basi bibi kizee ajuaye ngano 50 ni mwenye maktaba, na mjukuu aendaye kuziandika amekwenda kufanya kazi ya chuo kikuu.

Lakini haifai kuwaficha wazazi. Mlango huu hauna kazi moja iliyotayarishwa mwishoni, kama ilivyo kwa udaktari. Wahitimu wake huwa walimu, waandishi wa habari, wafasiri, wahariri, watangazaji na maofisa. Aingiaye na aingie akijua kwamba njia ataitafuta mwenyewe.

Gunia moja la kahawa, watu wanne

Tukiisha kuona milango yote, tujiulize kama ni nyumba nne au ni nyumba moja. Tuseme gunia la kahawa limewekwa katikati ya uwanja, na wahitimu wanne wa kijiji kimoja wamelizunguka.

Mwanasayansi atauliza kama buni zilishikwa na chulebuni, ule ugonjwa uozeshao buni changa mtini, uliotambuliwa kwanza Kenya mwaka wa 1922, na kama iko miche iwezayo kuustahimili. Mwana biashara atauliza gunia limegharimu kiasi gani tangu palizi hata kupimwa, na kama bei ya leo yarudisha gharama. Mwanasheria ataomba kuona mkataba: nani mwenye mali sasa, na mvua ikilinyeshea njiani hasara ni ya nani? Naye mwanafasihi ataandika habari ya mama aliyelibeba, kwa maneno yatakayowafanya watu wa mbali wajue kwamba kahawa yao ina mwenyewe. Mmoja wao akikosekana, kijiji kina pengo. Wote wakiwa wanasheria, miti itakufa huku kesi zikiendelea.

Je, mtu mmoja aweza kusoma zote nne? Katika vyuo vyetu, kwa kawaida, hawezi kuzichukua kwa pamoja, na mshika mbili moja humponyoka. Lakini aweza kuingia kwa mlango mmoja na kuchungulia kwa mingine. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere tangu 1943 hata 1945, kisha akaenda Edinburgh, ambako alisoma historia na uchumi miongoni mwa masomo mengine. Alipokuwa Rais, kati ya kazi zote za nchi, alifasiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare, Julius Caesar mwaka wa 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Na huo wa pili hauna maana mpaka msomaji ajue kidogo juu ya mkopo wa mfanya biashara na hati ya mapatano mbele ya hakimu. Fasihi, biashara na sheria zimo katika kitabu kimoja.

Mashauri kwa wazazi na kwa wanafunzi

Kwenu wazazi: mwulizeni mtoto masomo gani huyafanya bila kusukumwa. Miaka 3 au 4 ni mingi kwa mtu asomaye asichokipenda, na wapo walioacha katikati, fedha ya ng'ombe ikapotea, na aibu ikamkalia mtoto peke yake wakati uchaguzi haukuwa wake. Tena ulizeni habari za gharama mapema. Serikali hutoa mikopo, katika Kenya na katika Tanzania, lakini mkopo si zawadi. Utalipwa, na yafaa mwanafunzi aandike tangu siku ya kwanza kiasi alichopewa.

Nanyi wanafunzi: kabla ya kuchagua, mtafuteni mtu mmoja afanyaye kazi mnayoitamani, mkamwulize siku yake hupitaje tangu asubuhi hata jioni. Msimwulize mshahara kwanza. Mahakama ziko wazi kwa watu wote, basi kaeni siku moja nyuma msikilize. Mwombeni katibu wa ushirika awaonyeshe daftari lake. Someni kitabu kimoja mara mbili, mwone kama mara ya pili imewachosha au imewafurahisha. Na mkiona jambo la maumbile lisiloelezeka, ulizeni, hata wenzenu wakicheka.

Haya yote hayana gharama kubwa, nayo yafaa yafanywe sasa, mngali nyumbani, kabla fomu za chuo hazijaja na tarehe ya mwisho haijakaribia.